Mshenga wa Sekondari ya Nguvumoja

Mtu akitaka kumwudhi Makarius Ponera hana haja ya kumtukana. Amwambie tu, "Kumbe wewe ndiye yule mzee wa Makapi," basi. Atavuta kiti, ataanza kusimulia habari za Sekondari ya Nguvumoja tangu tofali la kwanza, na kama ulikuwa na safari, hiyo imekwisha.

Makarius alizaliwa Mpitimbi, lakini utu uzima wake wote ameishi Mfaranyaki, mjini Songea, nyumba ya tatu kutoka duka la Nassoro. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mteuzi wa tumbaku katika ushirika. Kazi ya mteuzi ni kupita kati ya marobota siku ya soko, kuingiza mkono, kuchomoa majani mawili matatu, kuyanusa, kuyanyoosha, kisha kutamka daraja. Akitamka la kwanza, nyumba ya mkulima yule inaezekwa bati. Akitamka la tano, mkulima anarudi nyumbani kimya na mkewe anajua asiulize kitu. Ni kazi ya kuogopwa, na Makarius aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ilimwachia hata ugonjwa: ananusa kila kitu. Ananusa mkate, ananusa gazeti, ananusa barua za watoto wake kabla hajazifungua.

Kazi yake ya pili, ambayo hakulipwa hata senti, ilikuwa ushenga. Mtaani kwake hakuna kijana aliyeoa bila Makarius kutangulia. Ndoa thelathini na moja amezisimamisha, na zilizovunjika ni mbili tu, moja kati ya hizo anasema hakuhusika nayo.

Mwaka 1992 ushirika ulipunguza watu. Makarius alipewa barua ya shukrani na redio, akarudi nyumbani ana miaka hamsini na minne, mzima wa afya, na hana pa kuipeleka afya hiyo. Kwa mwezi mzima alimfuata mkewe Aurelia jikoni akimsahihisha namna ya kupanga kuni. Mwanamke akaona hapa kuna mtu atakufa, na huenda asiwe Makarius. Akajifunga kitenge, akaenda Mjimwema kwa mkuu wa Sekondari ya Nguvumoja, Mwalimu Suzana Kihwili.

"Mwalimu, mchukue mume wangu," alisema. "Hata kwa ugali wa mchana. Nakuomba."

Ndivyo Makarius alivyokuwa karani wa shule.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalijaa vitu, mitumba ilitundikwa kila kona, na aliyetaka kufungua biashara alifungua. Shule nazo ziliingia katika ruksa hiyo. Serikali ilikuwa na nafasi chache mno za sekondari. Darasa zima la saba lilifanya mtihani, wakachaguliwa watoto wawili au watatu, na wengine wote wakaambiwa asanteni. Wazazi wa Mjimwema walichoka kuambiwa asanteni. Walifyatua matofali wenyewe, wakabeba mawe kichwani, baba mmoja akatoa shamba, na mwaka 1991 wakafungua shule yao. Waliiita Nguvumoja. Mji uliiita Makapi, kwa kuwa walioingia humo walikuwa wale waliobaki baada ya mahindi kukobolewa. Mtoto akiulizwa anasoma wapi, akajibu Nguvumoja, mtu mzima alisema bila aibu, "Ahaa, Makapi," kisha akabadilisha mazungumzo ili asimwumize.

Ashura Daimu alikuwa mmoja wa makapi wa kwanza. Alitoka Tunduru, binti wa mkulima wa korosho, na kwa kuwa shule haikuwa na bweni, mwaka wake wa pili alipewa chumba nyumbani kwa Makarius. Aurelia alinunua sufuria mpya, akaapa mbele ya baba yake binti kwamba sufuria hiyo haijapata kumwona nguruwe na haitamwona. Mzee Daimu alicheka, akamwachia mtoto na gunia la korosho. Ashura alimwita Makarius ambuje, kama wanavyomwita mzee wa heshima kwao Uyaoni. Makarius alijifanya hajali, lakini ole wake mgeni ambaye angemwita jina jingine mbele ya msichana yule.

Msichana alijua anachokitaka. Mdogo wake wa kiume aliwahi kutibiwa malaria wiki tatu, kumbe mtoto ana kichocho. Alipona, lakini Ashura hakusahau. Alitaka kuwa mtu wa maabara, yule anayekaa na damu ya mgonjwa na kusema ukweli kabla dawa haijatolewa. Tatizo ni kwamba Nguvumoja haikuwa na maabara. Mwalimu Suzana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika sokoni, alifundisha kemia kwa chupa za dawa zilizooshwa na biolojia kwa macho ya ng'ombe. Ashura ndiye aliyetumwa buchani kuyaomba. Alizoea kuyapasua hapohapo kwa wembe na kuwaeleza wauza nyama kilichomo, mpaka siku moja mchinjaji akamwambia Makarius, "Mzee, binti yako huyu ataniharibia wateja."

Matokeo ya mtihani wa kwanza wa kidato cha nne yalipotoka, mapema mwaka 1995, Ashura alipata divisheni ya pili, na masomo ya sayansi alipasua. Mwalimu Suzana alicheza ngoma peke yake ofisini. Waliandika maombi kwenda chuo cha wataalamu wa maabara kilichokuwa mkoa wa jirani, chuo kinachochukua watu ishirini na wanne tu kwa mwaka kutoka nchi nzima. Hawakujibiwa. Wakasema pengine barua imepotea. Mwaka uliofuata wakaandika tena, Makarius akaipeleka bahasha posta kwa mkono wake mwenyewe. Kimya. Wakati huo Ashura alikuwa akifundisha wadogo zake pale shuleni kwa kujitolea, na baba yake alishaanza kuandika barua fupifupi. Ya mwisho ilisema: "Mwaka huu ukipita bila chuo, mwanangu, rudi nyumbani. Mikorosho haina mtu, na mdogo wako Tabu anasubiri zamu yake ya kusoma." Ashura aliisoma, akaikunja, akaenda kuchota maji. Makarius alilia kwa niaba yake, lakini alisema ni moshi wa kuni.

Basi Jumamosi moja ya Julai akaja Amedeus, kijana wa jirani, mtoto mwenye adabu zake, amefurahi kupita kiasi.

"Shikamoo mzee. Nimeitwa usaili chuo cha maabara! Jumatatu mpaka Jumatano. Ashura ameitwa siku gani?"

Makarius aliichukua barua ile, akainusa, akaisoma. Amedeus alikuwa amepata divisheni ya tatu. Lakini Amedeus alisoma shule kongwe, zile ambazo ukitaja jina lake mtu anakaa vizuri kwenye kiti.

"Hajaitwa," Makarius alijibu.

"Haiwezekani, mzee. Mimi hesabu na kemia nilikuwa nafundishwa na Ashura."

Kijana aliposema hivyo bila hila yoyote, Makarius alihisi damu inampanda. Alivaa koti, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Suzana, na njiani akampitia Polikarp, mwenyekiti wa wazazi, fundi seremala aliyetengeneza madawati yote ya shule na ambaye hakuwahi kukataa safari. Walikaa ofisini watatu.

"Jamani, tatizo nimeliona," alisema Makarius. "Hawatujui. Wewe unaweza kumpokea binti wa watu usiowajua? Unasikia tu jina lao, na jina lenyewe ni Makapi? Huwezi. Sasa watu wasipojua kwenu, unafanya nini? Unatuma wazee. Twende tukajitambulishe."

"Kwenda chuoni? Bila kuitwa?" aliuliza Mwalimu Suzana.

"Mshenga gani aliwahi kuitwa?"

Papo hapo Polikarp akajitolea kutoa jogoo, jekundu, kubwa, lenye sauti. Makarius alitoa debe la maharage ya Mpitimbi. Walikubaliana kuondoka na basi la Jumatatu asubuhi. Jumapili jioni Aurelia aliwatazama wakifunga mizigo, akashika kiuno.

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Ashura. Mbona simwoni akijiandaa?"

Makarius alimtazama mkewe kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi wa darasa la pili. "Mama Getruda, umesahau desturi? Mwari haendi posa. Wazee wanatangulia, wanazungumza, wakikubaliwa ndipo binti anaitwa. Tukienda naye watasema tunamtembeza."

"Sawa, Baba Getruda," alisema Aurelia. Alivyosema "sawa" ile, mtu mwenye akili angeahirisha safari. Makarius alienda kulala.

Walifika jioni ya Jumatatu, baridi ya kule inakata masikio, wakalala nyumba ya wageni, na Jumanne asubuhi wakawa mlangoni kwa mkuu wa chuo, Bwana Remmy Haule. Barazani vijana walikaa foleni wakisubiri usaili, kila mmoja na bahasha yake. Mwalimu Suzana alivaa gauni la kanisani. Polikarp alibeba kapu lililofunikwa kanga, Makarius debe la maharage. Walisubiri mpaka saa tano.

"Karibuni. Nina dakika tano," alisema Bwana Haule. Alikuwa mtu mwembamba, amechoka, meza yake imejaa mafaili.

Makarius alikaa, akashukuru, akauliza habari za mvua. Akauliza habari za mahindi. Akasifu barabara.

"Wazee wangu, mna shida gani?"

Makarius alitabasamu. Mshenga anayejijua hajibu swali hilo linapoulizwa mara ya kwanza. Alisema Songea watu ni wazima na wanasalimu. Bwana Haule akatazama saa, akauliza tena. Makarius akasema hata huko Tunduru korosho mwaka huu si haba. Alikuwa anaingia vizuri katika habari ya korosho jogoo lilipowika kapuni, sauti ikajaa ofisi nzima.

"Nini hicho?"

Polikarp alidhani ndiyo zamu yake imefika. Alisimama, akafunua kanga, akaliweka jogoo juu ya mafaili. "Kifungua mlango, mkuu," alisema kwa heshima zote.

Nyuma ya kiti cha Bwana Haule kulikuwa na bango la kukataza rushwa, herufi nyekundu, kubwa kuliko jogoo lenyewe. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa inasema habari za rushwa, na watu wa ofisini waliogopa hata kupewa pipi. Bwana Haule aliruka kutoka kwenye kiti.

"Mnataka nifungwe? Ondoeni huyo kuku! Leo, wakati wa usaili, mnaniletea kuku ofisini?"

"Mkuu, sisi si watu wa rushwa," alisema Mwalimu Suzana, na sauti yake ilifika barazani. "Sisi ni walimu na wazazi. Huyu mzee ni mshenga."

"Mshenga wa nini?"

"Wa shule."

Bwana Haule aliwatazama mmoja mmoja. Kitu fulani mdomoni mwake kikataka kucheka, akakizuia. Alikaa tena. "Haya. Elezeni, na kwa ufupi. Kuku ashuke mezani."

Mwalimu Suzana akaeleza: binti, divisheni ya pili, miaka miwili ya kuandika, kimya. Bwana Haule alisikiliza, kisha akasema bila kuzunguka.

"Mama, tunapokea maombi mia tisa kwa nafasi ishirini na nne. Tuko watu watatu wa kuyasoma. Tunaanza na shule tunazozijua, maana wanafunzi wake tumewaona wakifanya kazi. Tukizifikia nyingine, nafasi za usaili zimekwisha. Hizi shule mpya, nisiwafiche, zikileta alama nzuri tunajiuliza zimetoka wapi. Siwachukii. Siwajui."

Hapo Makarius alisahau ushenga wote. Alitaka kugombana. Alikuwa na maneno makali ameyaandaa tangu Jumamosi, na yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini alipofungua kinywa likatoka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa padri.

"Hata mimi nimefanya hivyo, mkuu," alisema. "Nilikuwa mteuzi wa tumbaku. Kulikuwa na kijiji kimoja, mwaka wao wa kwanza walificha majani mabovu katikati ya robota. Nikawashika. Tangu hapo, nikiona kibao cha kijiji kile kwenye robota, natamka la tano kabla sijaingiza mkono. Miaka sita. Siku moja mvua ikanyesha sokoni, wino wa vibao ukafutika wote. Nikateua bila kujua robota ni la nani. Nikatoa daraja la kwanza kwa marobota kumi na moja. Tulipokuja kuwatafuta wenyewe, tisa yalikuwa ya kijiji kile. Walikuwa wameshajirekebisha zamani. Miaka sita niliwapunja watu na watoto wao kwa mkono huu, na nilikuwa na uvivu tu wa kuuingiza."

Hata jogoo, kwa mara ya kwanza, lilikuwa na adabu.

Bwana Haule alimwita karani wake. "Lete lile boksi jingine." Boksi lilikuja, limejaa bahasha mpaka juu. Mwalimu Suzana hakusubiri kukaribishwa, alipiga magoti akaanza kupekua, na baada ya muda akatoa bahasha ya kaki yenye mhuri wa Nguvumoja mgongoni. Gundi yake ilikuwa nzima. Hakuna mkono uliokuwa umeifungua.

Bwana Haule aliifungua mwenyewe. Alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, masikio yakamwiva. "Alama hizi ni zake kweli?"

"Muulize mwenyewe," alisema Mwalimu Suzana.

"Sawa. Mwiteni aingie."

Wale watatu wakatazamana.

"Si yuko nje hapo? Mwiteni, nitamwingiza sasa hivi."

Makarius ndiye aliyejibu. "Mkuu, yuko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Songea."

Bwana Haule aliweka karatasi mezani taratibu. "Mmesafiri kilomita zaidi ya mia mbili kumwombea binti nafasi. Mmekuja na mwalimu, mmekuja na mwenyekiti, mmekuja na maharage. Kuku mmemleta. Mwenye mtihani mmemwacha?"

"Kwa desturi, mwari haendi posa," alisema Makarius, lakini hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyosinyaa katika ofisi ile.

"Usaili unafungwa kesho saa sita mchana," alisema Bwana Haule. "Mimi siwezi kuusogeza. Akiwa hapa kabla ya saa sita, ataulizwa kama wengine. Asipokuwepo, mzee wangu, sina la kufanya."

Sijui kama Makarius aliwahi kukimbia tangu ujana wake, lakini siku hiyo alikimbia mpaka posta. Simu ya mbali ilikuwa ghali na mfukoni walibaki na nauli tu. Polikarp aliliuza jogoo lake kwa mama ntilie aliyekuwa karibu na posta, bila kupatana bei, na fedha ile ikanunua dakika chache za kuongea na duka la Nassoro.

"Nani? Mzee Makarius? Sema kwa nguvu!" Nassoro alipiga kelele upande wa pili, kisha ikasikika sauti ya miguu, kisha Aurelia.

"Mama Getruda, sikiliza. Ashura anatakiwa huku. Kesho kabla ya saa sita."

"Nguo zake nimeshazipiga pasi," alisema Aurelia. "Tangu Jumapili."

"Sasa usianze kuniambia uliniambia."

"Sisemi. Simu ni ghali. Nitasema ukirudi." Ikakatika.

Jumatano saa nne walikuwa wamesimama getini wote watatu. Saa tano likapita basi la Songea, likasimama, wakashuka watu saba. Ashura hakuwemo. Mwalimu Suzana akaanza kusali rozari kwa sauti, jambo ambalo kwa sauti yake lilimfanya mlinzi atoke kibandani. Makarius alitembea huku na huku. Alifikiria uso wa Ashura siku ile alipoikunja barua ya baba yake. Alijiona mjinga, na alikuwa mjinga kweli, kwa hiyo fikra hiyo haikumsaidia. Saa sita kasoro robo. Foleni ya barazani ilibaki na kijana mmoja.

Likatokea lori. Lilikuwa limebeba unga, na kutoka kwenye kibanda cha dereva akashuka kwanza Aurelia, kisha kutoka juu ya magunia Ashura, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu kwa vumbi la sembe.

"Basi lilijaa," alisema Aurelia. "Nassoro alikuwa na lori linakwenda Makambako. Na mimi nimekuja, ili msisahau kitu kingine."

"Shikamoo, ambuje," alisema Ashura. Aurelia alimpangusa unga kwa kanga yake, akamsukuma ndani, na mlango ukafungwa zikiwa zimebaki dakika nane.

Makarius hakuruhusiwa kuingia, lakini hakuna aliyemkataza kusimama karibu na dirisha. Alisikia vizuri.

"Umewahi kutumia darubini?" iliuliza sauti ya mwanamume.

"Hapana, mwalimu."

Makarius alifumba macho.

"Shuleni kwenu hakuna?"

"Hakuna. Nimeiona kwenye kitabu. Najua kila sehemu yake inaitwaje na inafanya nini, ila sijaishika. Mkinionyesha mara moja, sitauliza mara ya pili."

Viti vikasogezwa, mtu akaeleza kitu kwa sauti ndogo.

"Unaona nini?"

"Naona chembe nyingi za damu, za mviringo. Baadhi zina kitu ndani, kama pete ndogo, na pete ina nukta. Hii ningeiita malaria. Lakini kwanza ningependa kusogeza kioo, nione na sehemu nyingine. Kwetu kila homa inaitwa malaria, na si kila mara ni kweli."

Kuna mtu ndani alicheka, kicheko kizuri. "Sogeza," alisema. Makarius akasikia kalamu zikiandika.

Chuo kile kilikuwa na utaratibu wake: hakikubandika majina ukutani, kiliyasoma. Saa kumi jioni waombaji wote na waliowasindikiza waliitwa uwanjani, na Bwana Haule akasimama barazani na karatasi. Alisoma jina la mtu, kisha shule, kisha mkoa. Kila shule kongwe ilipotajwa, watu walitikisa vichwa kama waliokuwa wakitarajia, na wale waliosoma hapo walinyoosha shingo kidogo. Amedeus alitajwa wa sita, akarukaruka, Aurelia akampigia vigelegele kama mwanawe. Wa kumi. Wa kumi na tano. Ashura alikuwa ameshika mkono wa Aurelia, hatazami mtu. Makarius alihesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akaanza upya.

"Wa kumi na tisa," alisema Bwana Haule. "Ashura Daimu. Sekondari ya Nguvumoja. Ruvuma."

Ashura aliketi chini pale pale kwenye majani, akaficha uso kwenye kanga ya Aurelia, mabega yanatikisika. Polikarp alimkumbatia mlinzi. Mwalimu Suzana alipiga yowe ambalo wenyeji wa mji ule bado wanaliulizia. Bwana Haule alisubiri watulie, akataka kuendelea na wa ishirini, akaona mkono umeinuliwa nyuma ya umati. Ulikuwa mkono wa Makarius.

"Samahani, mkuu," alisema Makarius. "Hilo la kumi na tisa huku nyuma hatukulisikia vizuri. Tunaomba urudie."

Bwana Haule alimtazama juu ya karatasi yake. Kisha akavuta pumzi, akanyanyua kichwa, na akasoma upya, polepole, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Ashura Daimu! Sekondari ya Nguvumoja! Mjimwema, Songea, mkoa wa Ruvuma!"

Uwanja mzima ukageuka kuwatazama watu wa Nguvumoja, na hakukuwa na hata mmoja aliyesema ahaa. Makarius alishusha mkono, akashukuru, akaacha machozi yatiririke mbele ya watu wote bila kuusingizia moshi. Alikuwa amelisikia vizuri tangu mara ya kwanza.